Walivyosikilizana: ushindani ulioigeuza albamu ya roki

Mei 1966, katika chumba cha Hoteli ya Waldorf jijini London, Bruce Johnston aliweka santuri mpya kwenye gramafoni, na wageni wake wakatega sikio. Johnston alikuwa mwimbaji wa The Beach Boys, bendi ya California iliyojipatia jina kwa nyimbo za mawimbi ya bahari, magari na wasichana. Wageni walikuwa John Lennon na Paul McCartney wa The Beatles. Santuri yenyewe ilikuwa "Pet Sounds", iliyotoka Marekani tarehe 16 mwezi huohuo na ambayo maduka ya London yalikuwa bado hayajaipokea.

Kwa simulizi ya Johnston, wawili hao waliisikiliza pande zote mbili, kisha wakataka irudiwe.

Santuri hiyo haikufanana na kitu chochote kilichotarajiwa kutoka kwa vijana wa ufukweni. Mlikuwa na kengele ya baiskeli, harmonika nene ya besi, makopo matupu ya Coca-Cola yaliyogongwa badala ya ngoma, na dumu tupu la maji lililopigwa kwa nyundo laini. Wimbo wa mwisho unamalizikia katika sauti ya treni inayopita na mbwa wawili wakibweka. Mbwa hao, Banana na Louie, walikuwa wa Brian Wilson, mtunzi na kiongozi wa bendi.

Mwaka mmoja baadaye The Beatles walitoa "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band". Prodyuza wao, George Martin, alisema bila kuficha kwamba pasipo "Pet Sounds" albamu hiyo isingekuwepo. "Pet Sounds" nayo ilikuwa jibu la Wilson kwa "Rubber Soul", albamu ya The Beatles ya Desemba 1965. Katika muda wa miezi kumi na minane hivi, bendi mbili zilizotenganishwa na bahari ya Atlantiki zilikuwa zikijibizana kwa santuri, na kila jibu lilibadilisha maana ya kazi ya bendi ya roki ikiwa studio.

Wapangaji wa nyumba moja

Kilichoufanya ushindani huu uwe mkali zaidi ni kwamba nchini Marekani bendi zote mbili zilikuwa chini ya kampuni moja ya santuri, Capitol. The Beach Boys walitangulia. Walisaini mkataba mwaka 1962. Bendi ilianzishwa na ndugu watatu Brian, Dennis na Carl Wilson, binamu yao Mike Love, na rafiki yao Al Jardine, vijana wa Hawthorne, mji mdogo kandokando ya Los Angeles.

Mwanzoni mwa 1964 wakaja The Beatles. Tarehe 9 Februari walipotokea katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 73. Capitol ikageuza macho yote kwa wageni kutoka Liverpool, na mwenyeji akajiona mgeni nyumbani kwake. Mwaka huohuo The Beach Boys walijibu kwa "I Get Around", wimbo wao wa kwanza kushika namba moja Marekani.

Hadi hapo mashindano yalikuwa ya nyimbo mojamoja, kwa sababu pesa ilikuwa katika santuri ndogo za nyimbo mbili. Albamu ilikuwa kikapu: juu zimewekwa nyimbo mbili tatu zilizokwisha kuvuma redioni, chini zimejazwa zozote zilizopatikana. Kampuni zilitaka vikapu hivyo kwa haraka. Mwaka 1964 pekee The Beach Boys walitoa albamu nne, moja ikiwa ya Krismasi.

Kasi hiyo ilimshinda Brian Wilson. Desemba 1964, ndani ya ndege ya kwenda Houston, alishikwa na hofu kali na kulia asiweze kujizuia. Muda mfupi baadaye aliacha kwenda ziara. Glen Campbell alishika nafasi yake jukwaani kwa miezi michache, halafu akaja Johnston. Tangu hapo bendi ikawa na nusu mbili. Moja ilizunguka dunia ikiimba nyimbo za zamani, nyingine, yaani mtu mmoja, ilibaki studio ikitafuta sauti mpya.

Jibu kwa albamu iliyopunguzwa

Wilson alisimulia mara nyingi jinsi "Rubber Soul" ilivyomshika. Hakutaja wimbo mmoja uliomzidi. Alichokisikia ni albamu nzima ambayo nyimbo zake zilikuwa za familia moja, isiyo na wimbo wa kujazia. Aliamua kutengeneza ya kwake ya namna hiyo, na iwe bora kuliko hiyo.

Hapa pana jambo ambalo husahauliwa. "Rubber Soul" aliyoisikia Wilson si ile The Beatles waliyoipanga. Capitol ilikuwa na desturi ya kuzikata na kuzipanga upya albamu za Waingereza kwa ajili ya soko la Marekani. Nyimbo nne ziliondolewa, ukiwamo "Drive My Car" unaofungua toleo la Uingereza, na mbili zilizobaki kutoka albamu iliyotangulia zikapachikwa. Toleo la Marekani likawa pole zaidi, limejaa magitaa yasiyo ya umeme, na likasikika kama kitu kimoja kuliko lile la asili. Sehemu ya umoja uliomtikisa Wilson ilikuwa kazi ya watu wa biashara ofisini.

> Sehemu ya umoja uliomtikisa Wilson ilikuwa kazi ya watu wa biashara ofisini.

Kwa mashairi alimtafuta Tony Asher, mwandishi wa matangazo ya biashara. Januari 1966, wenzake wakiwa ziarani Japani, Wilson alijaza studio za Hollywood wanamuziki wa kukodi ambao baadaye walijulikana kama Wrecking Crew. Hal Blaine alikuwa kwenye ngoma, na Carol Kaye alikuwa mmoja wa wapiga besi. Wengi wao walikuwa wamekomaa kwenye rekodi za Phil Spector, prodyuza aliyezoea kurundika vyombo hadi visitofautishwe.

Wilson alichukua mbinu hiyo akaipunguza uzito. Badala ya kurundika, aliunganisha vyombo viwili vipate kutoa rangi ya tatu. Besi kubwa ya mbao na gitaa la besi la umeme vilipigwa pamoja, na kilichotoka hakikuwa mbao wala umeme. Wanamuziki waliokuja na uzoefu wa miaka walisimama wakisubiri kijana wa miaka 23 awaimbie kwa mdomo vipande alivyotaka, mmoja mmoja.

Mwanzo wa "You Still Believe in Me" unaonyesha alivyofanya kazi. Msikilizaji hudhani ni kinubi au zeze la zamani. Ni piano. Mtu mmoja alibonyeza vibao ili waya zifunguke, na mwingine akainama ndani ya sanduku akizidonoa waya hizo kwa pini ya nywele. Mlio wa sekunde chache ulihitaji watu wawili na subira.

Mchanganyo wa mwisho ulifanywa kwa mkondo mmoja wa sauti, sio miwili. Wilson alikuwa karibu kiziwi katika sikio la kulia. Sauti ya kushoto na kulia kwake haikuwa na maana. Wenzake waliporudi kutoka Asia walikuta muziki mwingi umekwisha kuwekwa, na kazi iliyowangoja ikawa kuimba.

Marekani iliipokea kwa ubaridi kiasi: namba 10. Capitol haikusubiri, Julai ikatoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za bendi hiyohiyo, na wanunuzi wakaenda huko. Uingereza ilikuwa habari nyingine, albamu ikafika namba 2. Andrew Oldham, meneja wa The Rolling Stones, alilipia tangazo gazetini kuisifu, ingawa hakuwa na senti ndani yake. Derek Taylor, aliyewahi kuwa ofisa habari wa The Beatles, sasa alikuwa analipwa na The Beach Boys kuwaambia waandishi kwamba Wilson ni kipaji kisicho na mfano. Watu wa kambi hizi walikuwa wakivuka mpaka kila siku.

Besi iliyohama makazi

McCartney alipiga besi, na alichokisikia Waldorf kilimgusa mahali pa kazi yake. Katika roki ya kabla ya hapo besi ilikuwa mlinzi wa mlango. Gitaa likibadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, besi hupiga noti ya msingi ya kodi hiyo na kubaki hapo. Katika "Pet Sounds" besi mara nyingi haikai kwenye noti hiyo. Inashika noti ya pili au ya tatu ya kodi, inatembea, inakuwa wimbo wa pili chini ya wimbo. Kodi ileile ya kawaida inaanza kusikika kama inaelea, haijatua.

McCartney amekiri deni hilo waziwazi. Deni jingine ni "Here, There and Everywhere", wimbo wake uliorekodiwa Juni 1966 wenye sauti za kupangiliana kwa upole, uliotungwa akiwa na The Beach Boys masikioni.

Kilichofuata kilitaka muda, na The Beatles waliupata kwa kuacha jukwaa. Onyesho lao la mwisho la kulipiwa kiingilio lilikuwa tarehe 29 Agosti 1966, Candlestick Park, San Francisco. Novemba walirudi studio za Abbey Road bila ratiba ya ziara mbele yao.

Ukubwa wa mabadiliko huonekana kwa saa. Mwaka 1963 nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza zilirekodiwa siku moja, tarehe 11 Februari, Lennon akiwa na mafua. "Sgt. Pepper" ilichukua takribani saa 700.

> Nyimbo 10 za albamu ya kwanza zilirekodiwa siku moja. "Sgt. Pepper" ilichukua takribani saa 700.

Mashine zenyewe zilikuwa na uwezo mdogo. Abbey Road ilitumia kanda ya njia nne, kwa hiyo kila njia zilipojaa mafundi walizikusanya zote kwenye njia moja ya kanda nyingine ili wapate nafasi mpya, na kila mara sauti ikachujuka kidogo. Katika hali hiyo McCartney alianza kurekodi besi mwisho, peke yake, kwenye njia yake, vyombo vingine vyote vikiwa vimekwisha kukaa. Kwa namna hiyo aliweza kutunga njia ya besi akisikia kila kitu, kama fundi anayenakshi mlango uliokwisha kutundikwa.

Kazi ya kwanza ya msimu huo, "Strawberry Fields Forever", iliunganishwa kutoka marudio mawili yenye mwendo tofauti na sauti za kimo tofauti. Lennon aliupenda mwanzo wa moja na mwisho wa jingine. Martin na fundi mitambo Geoff Emerick waliharakisha kanda moja na kupunguza mwendo wa nyingine hadi vikakutana. Wimbo huo ulitolewa Februari 1967 kama santuri ndogo na haukuingia kwenye albamu. Katika "A Day in the Life" waliitwa wanamuziki 40 wa okestra, wakaambiwa wapande kutoka noti ya chini kabisa ya chombo chao hadi ya juu, kila mtu kwa mwendo wake.

Baada ya wimbo huo, toleo la Uingereza lina mlio wa juu mno ambao binadamu wengi hawausikii vizuri, lakini mbwa huusikia. "Pet Sounds" ilimalizika kwa mbwa wakibweka, "Sgt. Pepper" ilimalizika kwa kuwapigia mbwa mluzi. Huenda ni utani tu wa usiku wa manane.

Albamu ilitoka rasmi tarehe 1 Juni 1967, ikakaa namba moja Marekani kwa wiki 15, na mwaka uliofuata ikawa albamu ya kwanza ya roki kupata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka.

Wasioafiki

Simulizi hii ya kujibizana ina wapinzani, na hoja zao ni nzito. "Tomorrow Never Knows", wimbo wa The Beatles uliojaa vipande vya kanda vinavyozunguka na mvumo mmoja wa Kihindi, ulianza kurekodiwa tarehe 6 Aprili 1966. Hiyo ni wiki kadhaa kabla santuri ya Johnston haijafika London. Wao hawakusubiri mtu wa California awafungulie mlango wa majaribio.

Nguvu nyingine zilikuwepo pia. Bob Dylan alikwisha kuonyesha kwamba wimbo wa roki unaweza kubeba maneno mazito. George Harrison wa The Beatles alikuwa mwanafunzi wa sitari wa Ravi Shankar. Wapiga besi wa kampuni ya Motown, James Jamerson mbele yao, walikuwa wakiitembeza besi tangu mapema, na McCartney aliwasikiliza nao. Dawa za kulevya zilikuwa zimeingia studio pande zote mbili. Zaidi ya yote, bendi yenye pesa isiyo na ziara ina muda, na muda wenyewe huzaa mambo.

Hoja hizo zote ni za kweli na bado hazimalizi jambo. Ukizipanga albamu mbili pembeni kwa pembeni, hakuna wimbo wa "Sgt. Pepper" unaofanana na wimbo wa "Pet Sounds". Wilson hakuwapa The Beatles sauti ya kuiga. Aliwaonyesha kwamba kundi jingine la vijana, katika kampuni hiyohiyo, lilikuwa limetumia miezi kadhaa kwa albamu moja na dunia haikuanguka. Tena aliwatia wasiwasi. Desemba 1966 wasomaji wa gazeti la muziki la Uingereza, New Musical Express, walipopiga kura ya kundi bora la waimbaji duniani, The Beach Boys waliwashinda The Beatles, nyumbani kwa The Beatles.

Stones na kivuli cha kaka

Ushindani mwingine wa miaka hiyo, wa The Beatles na The Rolling Stones, ulisaidia kwa njia nyingine kabisa. Magazeti yaliuchora kama vita ya vijana wasafi dhidi ya wachafu. Nje ya magazeti walikuwa marafiki, na walikuwa wakipatana tarehe za kutoa nyimbo ili wasigongane sokoni.

George Harrison ndiye aliyemdokezea Dick Rowe wa kampuni ya Decca awaangalie Stones, mwaka 1963. Rowe alikuwa na sababu ya kusikiliza, kwani jina lake lilikwisha kutajwa kama la mtu aliyewakataa The Beatles. Septemba mwaka huo Lennon na McCartney walikwenda kwenye mazoezi ya Stones na wimbo ambao haujakamilika, "I Wanna Be Your Man". Walijitenga pembeni, wakaumalizia palepale, wakawakabidhi. Stones walipanda nao hadi namba 12 Uingereza.

Zawadi hiyo ilikuwa somo kuliko ilivyokuwa wimbo. Hadi siku hiyo Mick Jagger na Keith Richards wa Stones walipiga nyimbo za wanamuziki wa bluzi wa Marekani. Sasa waliona vijana wa umri wao wakitunga mbele ya macho yao ndani ya dakika chache. Oldham, meneja wa miaka 19 ambaye naye aliwahi kufanya kazi za habari za The Beatles, akawasukuma watunge. Aprili 1966 walitoa "Aftermath", albamu yao ya kwanza ambayo kila wimbo ulikuwa wa Jagger na Richards.

Walipowafuata kaka zao kwa karibu mno, walijikwaa. Desemba 1967, miezi sita baada ya "Sgt. Pepper", Stones walitoa "Their Satanic Majesties Request". Jalada lilikuwa la rangi za ndoto, limepigwa na Michael Cooper, mpiga picha yuleyule wa jalada la "Sgt. Pepper". Ndani mlikuwa na milio ya ajabu na mazungumzo ya studio. Mwaka ulikuwa mbaya kwao, Jagger na Richards walifikishwa mahakamani kwa kesi ya dawa za kulevya na Oldham akaondoka. Wahakiki wengi waliiona albamu kama vazi la kuazima, na ndivyo inavyosikika hata leo, isipokuwa nyimbo mbili tatu.

Kujikwaa huko kukawarudisha kwao. Mwaka 1968 Richards alianza kurekodi gitaa lisilo la umeme kupitia kinasa sauti kidogo cha kaseti cha Philips. Kifaa kilizidiwa na sauti, kikaikwaruza, na gitaa la mbao likatoka na ukali wa umeme. Mkwaruzo huo uko ndani ya "Jumpin' Jack Flash" na "Street Fighting Man". Stones wanaojulikana leo, wa bluzi nzito isiyo na mapambo, walianzia pale walipokoma kushindana katika uwanja wa mwenzao.

Vita iliyoishia dukani

Si kila ushindani ulizaa muziki mpya. Tarehe 14 Agosti 1995 Uingereza ilipata watani wa jadi wapya, bendi za Blur na Oasis. Blur walitoa "Country House", na Oasis wakatoa "Roll with It", siku ileile. Blur ndio waliosogeza tarehe yao ili wakutane. Televisheni ilitangaza matokeo kama ya uchaguzi. Kusini dhidi ya kaskazini, watoto wa chuo cha sanaa dhidi ya vijana wa mitaa ya Manchester; kila mtu alipewa upande.

Blur waliuza nakala 274,000, Oasis 216,000. Blur walikuwa na matoleo mawili ya CD ya wimbo mmoja, jambo lililosaidia hesabu. Kimuziki, nyimbo zote mbili ni za kawaida sana kwa bendi zilizozitoa. Hakuna upande uliojifunza kitu kutoka kwa mwingine, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimsoma mwenzake gazetini na si kumsikiliza.

> Kila mmoja alikuwa akimsoma mwenzake gazetini na si kumsikiliza.

Badiliko lilikuja baadaye, na lilimjia aliyeonekana ameshinda. Oktoba 1995 Oasis walitoa "(What's the Story) Morning Glory?", ikawa mojawapo ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya Uingereza, na ushindi wa Agosti ukasahaulika. Blur waliokuwa wamejichosha kwa kuimba Uingereza yao waligeuka. Mpiga gitaa Graham Coxon aliwavuta kuelekea bendi ndogo za Marekani zenye magitaa ya mikwaruzo. Albamu ya 1997 iliyobeba jina la bendi ilikuwa na "Song 2", wimbo wa dakika mbili na sekunde mbili. Oasis, wasio na wa kumkimbiza, mwaka huohuo walitoa "Be Here Now", yenye nyimbo ndefu na magitaa tabaka juu ya tabaka. Iliuzwa kwa kishindo na haikuongeza kitu walichokuwa hawajakifanya.

Aliyekimbia hadi akaanguka

Tukirudi miaka ya 1960, kwa The Beach Boys ushindani ulikuwa na bei ya kulipa. Baada ya "Pet Sounds", Wilson alimalizia wimbo aliokuwa ameuanza Februari 1966, "Good Vibrations". Aliurekodi kwa vipande katika studio nne za Hollywood kwa miezi saba, halafu akavikata na kuviunga. Makadirio mengi ya gharama yanaanzia dola 50,000, kwa wimbo wa dakika tatu na nusu. Ulitoka Oktoba na kushika namba moja Marekani na Uingereza.

Mbinu hiyohiyo ya vipande alitaka kuitumia kwa albamu nzima, "Smile", akiwa na mshairi Van Dyke Parks. Nyumbani kwake alimwaga mchanga chumbani na kuweka piano juu yake, apige huku miguu ikihisi ufukwe. Novemba, kwa ajili ya kipande kilichohusu moto, aliwavisha wanamuziki kofia za plastiki za zimamoto. Siku zilizofuata alisikia habari za moto uliotokea jijini, akaogopa kwamba muziki ndio uliouwasha. Kipande kikawekwa kando.

Vipande viliongezeka na mpangilio ukamkataa. Wimbo wa vipande 10 unaweza kuungwa kwa namna nyingi mno, na bila kompyuta kila jaribio lilimaanisha wembe na kanda. Mike Love aliyatilia shaka mashairi ya Parks. Bendi iliishtaki Capitol kuhusu malipo. Capitol nayo ilikwisha kuchapisha majalada zaidi ya 400,000 ya albamu isiyokuwepo.

Kuna simulizi ya rafiki mmoja wa Wilson kwamba alisikia "Strawberry Fields Forever" redioni akiwa ndani ya gari, akasimama kando ya barabara na kusema wenzake wamefika kabla yake. Simulizi hiyo imenyooka kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa na maradhi ya akili, dawa za kulevya, kesi na familia iliyogawanyika, yote kwa wakati mmoja. Ila shinikizo la kulinganishwa lilikuwa halisi, na watu waliolipwa kumsifu walilichochea kila wiki.

Aprili 1967 McCartney alimtembelea Los Angeles na kumpigia kwenye piano wimbo mpya wa albamu iliyokaribia kutoka, "She's Leaving Home". Mwezi uliofuata Derek Taylor alitangaza kwamba "Smile" imeachwa. Juni The Beach Boys walijiondoa katika tamasha la Monterey. Septemba wakatoa "Smiley Smile", albamu ndogo na nyepesi iliyorekodiwa zaidi nyumbani kwa Wilson. Taratibu ndugu zake walishika usukani wa bendi, naye akarudi nyuma.

Kanda za "Smile" zilikaa kabatini na nakala za wizi zikasambaa kwa miongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpiga kinanda Darian Sahanaja alizipakia kwenye kompyuta, akakaa na Wilson na Parks, wakatafuta kipande kipi kifuate kipi. Februari 2004 Wilson, akiwa na miaka 61, aliipiga "Smile" nzima mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa London, katika ukumbi wa Royal Festival Hall, ng'ambo ya daraja la Waterloo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Hoteli ya Waldorf.